Siku Niliyosaini Uwanjani kwa Otmar

Winfrida mwanangu,

Umeondoka saa nane kwenda Mbaha kumuaga bibi yako, na namjua bibi yako, hatakuachia kabla jua halijazama. Nimeweka maharage motoni, nimefunga mlango wa mbele, nimechukua daftari lako la jiografia ambalo nusu yake ni kurasa tupu. Sijaandika barua ndefu tangu baba yako alipokuwa ananichumbia. Mkono umeshasahau, kwa hiyo nivumilie mwandiko.

Habari za kula vizuri, kuvaa sweta na kutoazimisha vitu vyako bwenini sitakuandikia. Hayo nimekuimbia wiki nzima mpaka umechoka. Nataka kuandika jambo ambalo mdomo wangu umeshindwa kulitamka kwa miaka tisa.

Siku jina lako lilipotoka kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda chuo cha polisi, ulipiga kelele mpaka majirani wakaja. Mimi nilitoka nyuma nikasimama kwenye chanja za dagaa. Uliponifuata ulinikuta nalia, ukanikumbatia, ukasema, "Mama, hayo machozi ya furaha." Nikakubali. Hayakuwa ya furaha, Winfrida. Wala sikuwa na hasira na wewe. Nilikuwa nakumbuka Jumamosi moja.

Otmar unamkumbuka, lakini nitakueleza yote kama vile humjui, kwa sababu ulikuwa mtoto na mengi tulikuficha. Alikuwa fundi wa injini za boti. Nyumba yake na yetu zinatazamana, katikati kuna njia tu. Tulisoma naye tangu darasa la kwanza. Mke wake, Kandida, ndiye aliyekaa na mimi siku arobaini baba yako alipofariki, akinilazimisha kunywa uji. Binti yao Skola mlikuwa mnalala kitanda kimoja, leo kwetu, kesho kwao.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji, muhula wa pili. Nilikuwa najivuna nacho kile cheo. Mjane, mwanamke, wanaume wanasimama kunisalimia. Nilikipenda kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Jumamosi hiyo nilikuwa shambani napalilia mihogo. Wewe nilikuacha nyumbani na kazi ya kugeuza dagaa. Kwenye saa nne akaja mgambo wa kijiji, anahema.

"Mwenyekiti, unaitwa kwa Otmar. Kuna wageni."

"Wageni gani?"

"Wa serikali," akasema, akageuka kurudi.

Kutoka shambani mpaka kwa Otmar ni nusu saa kwa miguu. Kesi yote ilikuwa ndani ya hiyo nusu saa, lakini wakati ule mimi nilikuwa nawaza tu kwamba nimevaa kanga ya shamba na nina matope.

Nilikuta gari la polisi limesimama mbele ya kibanda chake cha ufundi. Magodoro yalikuwa nje, masanduku yamefunguliwa, unga wa muhogo umemwagika kizingitini. Otmar alikuwa amekalishwa chini, mikono nyuma, pingu. Kandida amesimama mlangoni, mikono bado ina magamba ya samaki. Katikati ya uwanja palikuwa na gunia dogo limefungwa kwa kamba ya katani. Askari walikuwa wanne, watatu wanaume na mmoja msichana, mdogo tu, labda hakukuzidi sana umri ulio nao leo.

Mkubwa wao alinisalimia vizuri. "Mwenyekiti, karibu. Mzigo ndio huu, tumeukuta jikoni kwake. Bangi. Wewe ni shahidi, andika jina lako hapa na saini."

Karatasi ya upekuzi ilikuwa juu ya boneti ya gari, imeshajazwa. Pa jina langu tu ndipo palikuwa wazi.

Nikasema, "Afande, mimi ndiyo nafika sasa hivi."

"Si umefika?" akasema. "Basi umefika."

Otmar akanyanyua kichwa, akasema nami kwa Kinyasa, ili wale wasielewe. Aliniambia, "Truda, waulize kibali. Waulize wameingia kwangu na kibali gani."

Nami nikamjibu kwa Kiswahili. "Ndugu Otmar, yote hayo utayaeleza huko mbele."

Ndugu Otmar! Mtu tuliyefundishana kuogelea. Nilikwenda kujificha ndani ya lugha ya ofisi, nikamwacha peke yake na lugha ya nyumbani.

Na kibali nilikijua, mwanangu. Usije ukafikiri mama yako hakujua. Mwaka uliotangulia wenyeviti tuliitwa Mbinga, semina ya siku mbili. Mama mmoja mwanasheria, mwenye sauti ya chini, alitueleza polepole mpaka wazee walioanza kusinzia wakaamka. Alisema nyumba ya mtu haipekuliwi kwa sababu tu askari wametaka. Waje na kibali cha maandishi, na mwenye nyumba aonyeshwe. Bila kibali, iwe kuna dharura ya kweli, kwamba wakingoja karatasi ushahidi utapotea au mtu ataumia. Shahidi aitwe kabla mlango haujafunguliwa, aone mwanzo mpaka mwisho, na askari wenyewe waonyeshe kwamba hawakuingia na kitu. Mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake. Wakichukua kitu waandike stakabadhi, mwenye nyumba na shahidi wasaini wakiwa wameisoma. Na mwenye nyumba akiuliza haya, hajafanya ukaidi, ametumia haki yake. Niliandika yote kwenye daftari. Nilirudi hapa nikamsimulia Kandida jioni nzima, na yeye akasema, "Basi tuko salama, mwenyekiti wetu amesoma."

Hapo uwanjani ndipo ulipotokea wewe. Ulivuka njia mbio, miguu mitupu, ukanishika kanga, ukasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mama, usiandike. Wewe hukuwepo. Wameingia jikoni peke yao, Baba Skola wamemkalisha nje."

Nikakuzaba kofi.

Mbele ya askari, mbele ya Kandida, mbele ya Skola. Hukulia. Ulinitazama, ukageuka, ukarudi nyumbani ukitembea, hukukimbia tena. Yule askari msichana aliinamisha macho akawa anaangalia viatu vyake. Kisha mimi nikachukua kalamu nikasaini.

Kwa miaka mingi nimejiambia ilikuwa hofu. Hofu ilikuwepo, ndiyo. Nani asiyeogopa gari lile likisimama kwake? Lakini leo nataka kukupa ukweli wote, hata ule unaonuka. Wiki tatu kabla ya hapo, kwenye mkutano wa hadhara, Otmar alisimama akasema bomba la maji limewekwa karibu na nyumba yangu kwa sababu mimi ni mwenyekiti. Watu walicheka. Nilikuwa sijamsamehe. Nilipomwona amekaa chini na pingu, kuna kitu kidogo ndani yangu kilisema, acha naye ashike adabu kidogo. Nilidhani watamweka siku mbili, atarudi amenyamaza. Kitu kidogo hivyo, Winfrida. Sikumtakia gereza. Nilimtakia aibu tu, ya siku mbili.

Mahakamani hakuwa na wakili. Mwendesha mashtaka akaniuliza kama nilishuhudia upekuzi, nikasema nilishuhudia. Nilikuwa nimeapa. Hakimu akamwambia Otmar kama ana maswali aniulize. Alisimama kizimbani, amekonda, shati lake lile la buluu la kanisani limemning'inia, akauliza swali moja.

"Mwenyekiti, ulipofika uwanjani kwangu, mimi nilikuwa nimeshafungwa pingu au bado?"

Ningesema, "Ulikuwa umeshafungwa." Maneno mawili. Nikasema, "Sikumbuki."

Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. Halafu akamgeukia hakimu akasema, "Sina swali lingine, mheshimiwa."

Miaka thelathini. Kandida hakupiga kelele. Alikaa chini, pale pale sakafuni, kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Baada ya hapo alikuja kwangu mara moja tu. Wewe ulikuwa shuleni. Hakukubali kukaa kwenye kiti. Alisema, "Truda, sikuja kugombana. Kuna mfungwa kule ndani anajua kuandika, anamwandikia Otmar rufaa. Anasema ukieleza kwa maandishi kile ulichokiona, huenda kitasaidia. Sikuombi useme uongo. Andika tu ulichokiona."

Nikamwambia nitafikiria.

Nilifikiria kwamba nikisema sasa, watanishitaki kwa kusema uongo chini ya kiapo, na wewe utabaki na nani? Baba huna. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ilikuwa sababu nzuri, hakuna mtu ambaye angeniuliza zaidi. Nilijificha nyuma yako, mwanangu. Nilikufanya ngao bila kukuuliza. Kandida alingoja wiki moja, mbili, halafu akaacha kunisalimia. Tulikuwa tunapishana kwenye njia ile nyembamba kila asubuhi, yeye na beseni lake la samaki, mimi na ndoo yangu.

Mwaka wa pili miguu yake ikaanza kuvimba. Aliendelea kukaanga samaki akiwa amekaa. Mara mbili alisafiri kwenda kumwona mumewe gerezani, na mara ya pili alirudi amebebwa. Masika ile ikamchukua. Kwenye mazishi Skola alipita mbele yangu kama vile pale niliposimama hapana mtu, akaja kwako, akakushika mkono mpaka kaburi likafunikwa. Keshoye ndugu za mama yake wakamchukua kwenda naye Kingerikiti. Ulilia siku tatu ukiniuliza kwa nini asikae kwetu, na mimi nikakujibu kwamba ndugu zake ndio wametaka hivyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisema hawezi kulala kwenye nyumba ya mwenyekiti.

Rufaa ilisikilizwa Songea, mwaka wa tano tangu akamatwe. Mimi sikuitwa. Mwalimu wenu mmoja alipata nakala ya hukumu, akanisomea nikiwa nimekaa kwenye ngazi za shule. Jaji alisema yule afande mwenyewe alieleza mahakamani kwamba taarifa za Otmar alizipata siku mbili kabla. Sasa kama alikuwa na siku mbili, dharura ilitoka wapi? Kwa nini hakwenda na kibali? Na stakabadhi ya gunia iko wapi? Halafu akafika kwangu. Akasema shahidi huyu hakueleza alifika saa ngapi wala aliona nini, na mtu asiyekumbuka kama mshitakiwa alikuwa na pingu hawezi kuaminiwa kwamba aliona gunia likitolewa jikoni. Ile karatasi niliyoisaini akaiondoa kwenye ushahidi, na ilipoondoka hiyo kesi haikubaki na kitu.

Watu walishangilia. Mimi nilibaki kwenye zile ngazi. Otmar ametolewa, na katika kutolewa kwake mimi sikuweka hata neno moja. Alisaidiwa na mfungwa nisiyemjua na jaji asiyewahi kuliona ziwa letu.

Alirudi siku ya soko. Hakupitia nyumbani kwake, alikwenda moja kwa moja makaburini akakaa huko mpaka mchana ukaisha. Nilimwacha siku tatu. Siku ya nne nikavuka njia.

Nilimkuta kibandani anasugua kutu kwenye spana zake kwa mchanga na mafuta ya taa. Hakuniambia karibu, hakuniambia toka. Nilisema yote, nikiwa nimesimama. Bomba la maji, kofi, saini, "sikumbuki", Kandida na ile barua ambayo sikuiandika. Nikasema, "Otmar, nimekuja kuomba msamaha."

Aliweka spana chini, akachukua nyingine. Kisha akasema, kwa Kinyasa, bila kunitazama:

"Siku ile uwanjani kwangu kulikuwa na mtu mmoja tu aliyesema kweli. Alikuwa na miaka kumi na moja, na wewe ulimpiga. Kule ndani nilipokaribia kukata tamaa nilikuwa naikumbuka sauti yake, najiambia, yupo aliyeona. Usianzie kwangu, Truda. Anzia kwake."

Ni miaka mitatu na zaidi tangu aniambie hivyo. Nimejaribu. Likizo ile uliyokuja na malaria nilikaa kitandani kwako nikikukanda kwa kitambaa, nikafungua mdomo, nikauliza kama unataka chai. Siku ya mahafali yako nilijiambia leo ndiyo leo, ukanivisha lile taji lako la maua ya plastiki tupige picha, nikashindwa. Sijui hata kama unakumbuka. Huenda umesahau, na mimi leo nafukua kitu ulichokwisha kukizika. Kama ndivyo, nisamehe na kwa hilo pia. Lakini sidhani umesahau. Tangu Jumamosi ile hujawahi tena kunikataza jambo. Mama wengine wanalalamika watoto wao wabishi. Wewe kila nikikosea unanyamaza, unaendelea na kazi yako. Nilidhani nimepata mtoto mpole. Kumbe nilikuwa nimekufundisha.

Nakuomba radhi, Winfrida. Ulikuwa sahihi na mimi nilikuwa mwongo, na nilikupiga kwa sababu ulikuwa sahihi.

Uenyekiti niliuacha mwezi ule ule aliorudi Otmar. Niliwaambia watu ni magoti. Otmar alihamia Kingerikiti kumfuata binti yake, akauza spana zake, anasemekana analima kahawa kidogo ya watu. Hajaniambia kama amenisamehe. Nimeacha kungoja.

Sasa unakwenda kuvaa sare ile ile, na sikukatazi. Nilitaka kukukataza, nimeandika hapa halafu nimefuta, utaona alama. Yule niliyemfikiria zaidi miaka yote hii si yule mkubwa aliyenipa kalamu. Ni yule msichana aliyeangalia viatu vyake. Nadhani alijua. Nadhani alikuwa mgeni kazini, anaogopa mkubwa wake kama mimi nilivyomwogopa, na huenda jioni ile alikula akalala kama watu wengine wote, na huenda hakulala. Mimi na yeye tulikuwa wanawake wawili pale uwanjani tuliojua, na aliyesema alikuwa mtoto.

Kuna kitu watu wananiuliza mpaka leo kwa sauti ya chini: lile gunia lilikuwa la nani? Sijui. Huenda kuna mtu alilipeleka jikoni kwa Kandida. Huenda lilikuwa la Otmar kweli, binadamu tuna siri. Sijui na sitajua, kwa sababu sikuwepo lilipotoka. Yule mwanasheria wa Mbinga aliposema shahidi awepo tangu mwanzo, mimi nilidhani anazungumzia heshima yetu sisi wenyeviti, kwamba tusidharauliwe. Hata ningetaka leo kuamini kwamba Otmar alikuwa na hatia, ili nilale, siwezi. Nilisaini mahali pa macho yangu, na macho yangu yalikuwa shambani.

Siku itafika utaambiwa uingie kwenye nyumba ya mtu. Utakuwa umechoka, mkubwa wako atakuwa na haraka, na huenda mwenye nyumba ni mwizi kweli. Sikufundishi kazi, huko watakufundisha walioisomea. Najua tu kinachobaki gari likishaondoka. Unabaki unga kizingitini na mwanamke anaanza kuufagia.

Jua linashuka na maharage yameshaungulia kidogo, nayasikia. Barua hii nitaiweka chini kabisa ya begi, chini ya mashuka, ili usiikute njiani. Kesho alfajiri stendi nitakuwa mama kama mama wengine. Nitakwambia ushike tiketi vizuri, nitagombana na kondakta kuhusu begi lako, nitacheka. Usifikiri nilikuwa sijaandika haya. Nitakuwa nimeshayaandika, ndiyo maana nitaweza kucheka.

Ukifika salama utanipigia simu siku hiyo hiyo, nakujua. Utanisimulia bweni na chakula, na nitafahamu kwamba bado hujafika chini ya begi. Halafu itakuja siku hutapiga, na ya pili yake hutapiga. Sitakutafuta. Nitajua kwamba umesoma.

Mama yako,
Edeltruda